Mpe Mwanafunzi Kazi: Kufundisha kwa Mtandao Bila Kumpoteza Mwanafunzi

Mhadhara wa umma kwa walimu, wahadhiri na wazazi, Kakamega



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumshirikisha mwanafunzi anayesoma kupitia mtandao. Nitaitoa hoja yangu mapema ili anayetaka kuipinga apate muda wa kujiandaa. Mwanafunzi wa mtandaoni anatupotea kwa sababu hatujampa la kufanya. Umbali tunausingizia tu. Mpe swali la kufikiria kila baada ya dakika chache, swali ambalo jibu lake kuna mtu analisubiri, naye atabaki darasani hata kama anatumia simu ya kuazima kule Khwisero. Mnyime, na atatoweka hata akiwa na kipakatalishi kipya na intaneti ya kasi sebuleni kwao.

Walimu huiita njia hii mbinu shirikishi. Msingi wake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya akili katika kipindi ifanywe na mwanafunzi mwenyewe. Anakisia, anapima, anajibu, anamweleza mwenzake, anasahihishwa, anajaribu tena. Mwalimu ndiye anayeipanga kazi hiyo, anayeifuatilia na kuirekebisha. Kijana wa Shinyalu au Ikolomani hajifunzi kupiga isukuti kwa kuhutubiwa juu ya ngoma. Hupewa ngoma, akakosea mdundo, akarekebishwa papo hapo. Hesabu na biolojia nazo hazina njia nyingine ya kuingia kichwani.

Tulichokihamisha mwaka 2020

Tarehe 15 Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kuthibitishwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vyote. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea tarehe 12 Oktoba. Wengine walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Katika miezi hiyo Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilipeleka masomo hewani kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao. Vyuo vikuu vilihamia kwenye mikutano ya video.

Tulifanya tulichoweza kwa haraka, na kila aliyefundisha miezi ile anastahili shukrani. Hata hivyo, tuangalie ni kitu gani hasa tulichokihamisha. Tulichukua mhadhara wa saa nzima, ule ule tuliozoea kuutoa mbele ya ubao, tukaupitisha kwenye simu. Mhadhiri alizungumza mfululizo, akageuza slaidi moja baada ya nyingine, na mwishoni akauliza, "Kuna swali?" Kimya. Kamera zimezimwa, yamebaki majina matupu kwenye kioo. Huyu ameingia ili jina lake lihesabiwe tu, kisha ametia simu mfukoni na kwenda kukamua ng'ombe. Yule bando limemwishia katikati ya kipindi na hakuna aliyetambua.

Wengi walihitimisha kwamba wanafunzi ni wavivu. Wengine walisema mtandao haufai kwa kufundishia. Hukumu zote mbili ni za haraka. Mhadhara ule ungewachosha hata kama tungekuwa nao ana kwa ana. Tofauti ni kwamba ukumbini mwanafunzi huona haya kusimama na kuondoka. Mtandao uliiondoa haya hiyo, na udhaifu uliokuwapo miaka yote ukaonekana wazi.

Redio iliyojua kungoja

Kinachonisikitisha ni kwamba nchi hii ilikwisha kujua namna ya kufundisha kwa mbali bila kumwacha mtoto amekaa bure. Kati ya mwaka 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo leo ndiyo KICD, ilishirikiana na wataalamu kutoka Marekani kuendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi. Mfano ulitoka Nicaragua, ambako katika miaka ya 1970 hesabu zilikuwa zimefundishwa kwa redio kwa namna hiyo hiyo.

Hebu tukisikilize kipindi chenyewe. Sauti ya redioni inatamka sentensi, inauliza swali, kisha inanyamaza. Ni sekunde chache, na zimepimwa na kuandikwa katika mswada wa kipindi. Ndani ya kimya hicho darasa zima linajibu kwa sauti, au linasimama, au linanyosha kidole kwenye kitu kilichotajwa. Redio inatoa jibu sahihi, na kila mtoto anajua pale pale kama amepata au amekosa. Linafuata swali jingine, kimya kingine, jibu jingine. Kipindi kizima huenda hivyo, mtoto akidaiwa jibu tena na tena. Tathmini ya mradi ilionyesha kwamba watoto waliofundishwa hivyo walifanya vizuri zaidi katika kusikiliza na kusoma Kiingereza kuliko wenzao waliofuata masomo ya kawaida.

Redio haisikii. Haiwezi kujua kama darasa la Malava limejibu au limelala. Lakini walioandika vipindi vile walimtengea mtoto nafasi ndani ya somo, na nafasi hiyo ndiyo iliyofundisha. Mwaka 2020 sisi tulikuwa na vyombo vinavyosikia, vinavyoonyesha mkono ulioinuliwa, vinavyohesabu kura na kuligawa darasa katika vyumba vidogo. Tukavitumia kusema bila kupumua.

Tusiende mbali. Mwaka 1998, serikali ya Kenya na shirika la Japani la JICA zilipoanzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, zilichagua wilaya 9 za majaribio. Wilaya 3 kati ya hizo, yaani Kakamega, Lugari na Butere-Mumias, leo ziko ndani ya kaunti hii. Walimu wetu walifundishwa kanuni nne: somo liwe na shughuli, mwanafunzi awe kiini chake, majaribio yatangulie maelezo matupu, na vifaa visipokuwapo mwalimu abuni vyake kwa vitu vilivyo karibu. Baada ya hapo walitakiwa wapange, watende, watazame matokeo, waboreshe. Wako walimu waliostaafu katika vijiji vyetu ambao waliyafanya haya miaka zaidi ya 20 iliyopita kwa chupa, vijiti na nyuzi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mbinu shirikishi ni mtindo wa wazungu uliotufikia jana kwa kebo ya baharini.

Ushahidi unasema nini

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kawaida na madarasa ya mbinu shirikishi katika sayansi, uhandisi na hisabati. Katika mihadhara, wastani wa wanafunzi walioanguka ulikuwa asilimia 33.8. Katika mbinu shirikishi ulikuwa asilimia 21.8. Tukilitafsiri hilo kwa darasa la wanafunzi 100, ni vijana 12 waliofaulu badala ya kurudia somo, na wazazi 12 ambao hawakuuza ng'ombe wa pili kwa karo ile ile.

Tafiti hizo zilihusu zaidi madarasa ya ana kwa ana, na ni halali mtu kuuliza kama mtandaoni mambo ni hayo hayo. Jibu liko katika sababu yenyewe. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini wajifunze. Kundi moja liliisoma tena. Kundi jingine liliifunika na kujaribu kukumbuka lilichosoma. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele sana. Kumbukumbu hukaza pale mtu anapoitafuta kichwani mwake kwa taabu kidogo. Sababu hiyo haijali kama mwanafunzi yuko ukumbini au yuko chini ya mwembe na simu mkononi. Inachotaka ni aulizwe, ajibu mwenyewe, kisha aelezwe ukweli.

Kuna tahadhari moja ambayo kila mwalimu anayebadilisha njia zake lazima aijue. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard waligundua kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa mbinu shirikishi walijifunza zaidi, ilhali wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Mhadhara laini wa msemaji hodari huacha hisia tamu ya kuelewa. Kuhangaika na swali huacha hisia ya kukwama. Kwa hiyo usishangae wanafunzi wakilalamika, "Mwalimu, mbona hufundishi?" Waeleze tangu siku ya kwanza kwa nini unawauliza, na uwaonyeshe matokeo yao baada ya wiki chache.

Mvua ya wiki moja

Nisiishie kwenye nadharia. Tuchukue somo moja na tulifungue vipande vyake. Ni somo la takwimu kwa mwaka wa kwanza, na mada ni wastani na namba ya katikati. Darasa liko mtandaoni, na wanafunzi wake wametawanyika Kakamega, Vihiga, Busia, Kitale, Lodwar na Mombasa.

Jumapili jioni mhadhiri anatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili na picha moja. Kazi ni kutengeneza kipimamvua. Chukua chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, ikate karibu na shingo, geuza kipande cha juu kielekee chini kiwe faneli. Tia kokoto ndani, mimina maji yazifunike, weka alama kwenye usawa wa maji. Hapo ndipo sifuri. Bandika rula kando. Iweke mahali pa wazi, mbali na mti na ukingo wa paa. Kila siku saa tatu asubuhi soma kimo cha maji, kiandike, kisha urudishe maji kwenye sifuri. Kabla hujaanza, tuma kisio chako: je, wiki hii kwenu kutanyesha milimita ngapi?

Kisio hicho ndicho ndoano. Aliyekisia ana hamu ya kujua kama amepatia.

Jumapili inayofuata kila mmoja anatuma namba moja tu, jumla ya mvua ya wiki. Anayetumia kabambe, yaani simu ya kawaida isiyo ya kisasa, anaituma kwa ujumbe mfupi wa simu. Mhadhiri anazipanga namba zote bila majina na kuzirudisha kwa darasa. Mwanafunzi wa Lodwar ameandika sifuri siku zote saba na anauliza kama kuna haja ya kuituma. Hapo mhadhiri mwenye busara hajibu. Analipeleka swali kwa darasa: je, sifuri ni takwimu? Watabishana, na katika kubishana watagundua wenyewe kwamba sifuri iliyopimwa ni kipimo kamili, na nafasi iliyoachwa wazi ni kukosekana kwa kipimo. Watafiti wazima huchanganya mambo hayo mawili.

Kisha linakuja swali kuu. Tuseme namba za kundi moja la watu saba ni 0, 0, 2, 5, 6, 14 na 36. Taja namba moja inayoliwakilisha kundi. Kila mmoja anatuma jibu lake kwa mhadhiri peke yake, kabla ya kuona la mwenzake. Sharti hilo ni muhimu, kwani likikosekana watu wawili wenye ujasiri watajibu kwa niaba ya wote na wengine watanukuu. Baada ya kura, makundi yanakutana kwenye WhatsApp na kila mtu anajaribu kumshawishi jirani yake. Eric Mazur amekuwa akifanya hivyo katika madarasa ya fizikia ya Harvard tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: swali, jibu la mtu binafsi, mjadala na jirani, jibu la pili. Mara nyingi mwanafunzi aliyeelewa dakika tano zilizopita humweleza mwenzake vizuri kuliko profesa aliyeelewa miaka 30 iliyopita.

Wengi watakokotoa wastani: jumla ni 63, gawanya kwa 7, unapata 9. Sasa mhadhiri anauliza: ni nani kati yenu aliyepata milimita 9? Hakuna hata mmoja. Namba ya katikati ni 5, na yuko aliyeipata. Ondoeni 36 tuone. Wastani unaporomoka kutoka 9 hadi 4.5. Namba ya katikati inasogea kutoka 5 hadi 3.5. Kwa nini mmoja ameporomoka na mwingine ametikisika kidogo? Na ile 36 imetoka wapi? Imetoka Kakamega, mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ambako radi za alasiri ni sehemu ya maisha. Je, tuiondoe kwa kuwa ni kubwa mno, au tuiache kwa kuwa ni ya kweli?

Sasa ndipo mhadhiri anapoongea. Anaongea dakika nane au kumi, kwa sauti tu bila video, na anaongea juu ya yale aliyoona yakiwakwaza. Maneno yake yanaangukia kwenye akili iliyokwisha kulimwa. Mwisho, kila mwanafunzi anaandika mistari mitatu: mkulima wa mahindi akikuuliza mvua ya hapa ni kiasi gani, utampa namba ipi na kwa nini? Mwenzake mmoja anaisoma na kuijibu.

Angalieni jambo lililotokea. Wanafunzi hao wangekuwa wamekaa katika ukumbi mmoja, wote wangepima mvua ile ile na somo lisingekuwapo. Kutawanyika kwao, ambako tulidhani ni hasara, ndiko kulikolipa darasa takwimu zake. Mwalimu wa historia anaweza kumtuma kila mwanafunzi kwa mzee mmoja wa kijijini kwao akaulize soko la kwanza lilikuwa wapi. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kukusanya majina ya samaki kutoka Port Victoria hadi Lamu. Mwalimu wa afya anaweza kupata picha ya vyandarua vinavyotumika katika maboma 60. Darasa la mtandaoni lina macho kila kaunti, na ni ufukara wa fikra kuyaacha yakitazama slaidi.

Bando, stima na kazi za nyumbani

Sasa nije kwenye vikwazo, kwa sababu ni vya kweli na mwalimu asiyeviheshimu atawaumiza wanyonge. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti. Hali imebadilika tangu wakati huo, lakini bando bado linanunuliwa kwa pesa ile ile inayonunua unga.

Video ya saa moja hula mamia ya megabaiti. Sauti peke yake hula sehemu ndogo tu ya hizo. Maandishi karibu hayali kitu. Kwa hiyo somo lipangwe kuanzia kwa simu dhaifu kuliko zote darasani. Yale ambayo lazima kila mtu ayapate yawe maandishi na sauti fupi, na video iwe nyongeza kwa mwenye uwezo. Kumlazimisha mwanafunzi awashe kamera ili tujue kama yupo ni kumtoza ushuru wa bando, na wakati mwingine ni kuanika umaskini wa nyumba yao mbele ya wenzake. Jibu lake kwa swali zuri linathibitisha kuwapo kwake kuliko uso wake. Kwa asiye na simu ya kisasa zipo njia pia. Huduma ya Shupavu 291 ya Eneza imewafikishia wanafunzi wa Kenya masomo na maswali kwa ujumbe mfupi kwenye simu za kawaida, na kwa jirani zetu wa Tanzania kipindi cha watoto cha Ubongo Kids kiliwapa watazamaji nafasi ya kujibu maswali kwa simu.

Stima nayo. Katika ukanda huu wetu wa radi, alasiri moja ya ngurumo inaweza kuzima kijiji kizima. Kipindi cha moja kwa moja cha saa nane mchana kikiwa ndicho pekee kinachobeba somo, aliyekosa stima amekosa somo. Ndiyo maana kazi kubwa ifanyike kwa muda unaonyumbulika, ndani ya siku tatu au nne, na kukutana moja kwa moja kuwe kufupi, kwa ajili ya mjadala na masahihisho.

Kuna pia kazi za nyumbani, na hapa naomba wazazi wanisikilize. Binti aliyeko nyumbani na simu mkononi huonekana kama hana shughuli. Ataitwa achote maji, apike, abebe mtoto wa dada yake. Kaka yake ataitwa pia, lakini mara chache zaidi. Mzazi anayeona mtoto wake akipima mvua, akimhoji babu yake au akibishana na wenzake juu ya namba, anaona kazi ya shule kwa macho yake. Basi mpeni saa yake aimalize.

Wenzangu wataniuliza juu ya silabasi na wingi wa wanafunzi. Kumaliza silabasi huku nusu ya darasa imeachwa nyuma ni kumaliza makaratasi. Chagua dhana chache zinazobeba kozi, zipe kazi ya vitendo, na yaliyobaki yaache katika maandishi wayasome wenyewe. Kwa darasa la watu 300, mhadhiri hawezi kusoma majibu 300 kila wiki, wala hana haja. Makundi ya watano watano yanampa makundi 60. Kila kundi litume jibu moja lililokubaliwa na swali moja lililoshindikana. Asome 60, aone makosa yanayojirudia, ayajibu kwa ujumbe mmoja wa sauti. Maswali ya kuchagua majibu yasahihishwe na mfumo wa Moodle, ambao vyuo vingi vyetu vinao tayari na mara nyingi tunautumia kupandishia maandishi tu.

Mtihani na akili unde

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, kila mwalimu anajua kwamba insha ya nyumbani inaweza kuandikwa na mashine kabla chai haijapoa. Wapo wanaotaka kupiga marufuku na wapo waliokata tamaa. Mimi naona mbinu shirikishi ndiyo kinga yetu bora. Mashine inaweza kuandika kurasa kumi juu ya wastani, lakini haikuona chupa ya mwanafunzi wa Matungu siku ya Jumatano. Kazi ikidai kipimo chake, mzee wake, picha yake, na hoja aliyoijibu mwenzake kwa jina, anayeitumia mashine bado atalazimika kufanya sehemu iliyo muhimu.

Lakini alama ziende pamoja na kauli zetu. Tukisema mjadala ni muhimu kisha tukautengea alama sifuri, wanafunzi watasoma alama na kupuuza kauli. Tenga sehemu ya alama za muhula kwa kazi hizi ndogo, na uzitoe kwa kujaribu kwa dhati, hata jibu likiwa na kosa. Anayeogopa kukosea hajibu, na wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wito

Hatuna muda mrefu wa kusitasita. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, na kinafundisha kwa mtandao. Watoto walioanza Mtaala wa Umilisi tangu ulipoenezwa nchini mwaka 2019 wanatarajiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029. Wamezoea kufanya, kupima na kueleza. Tukiwapokea kwa slaidi na mhadhara wa saa nzima kwenye simu, tutakuwa tumewarudisha nyuma.

Kwa wakuu wa vyuo na wa shule: msinunue programu mpya kabla ya kumpa mwalimu muda wa kupanga somo. Somo kama lile la mvua linataka saa kadhaa za kuliandaa, na saa hizo zihesabiwe kuwa kazi. Kwa serikali ya kaunti na ya taifa: maktaba na vyuo vya kiufundi vya vijijini viwe na intaneti na mahali pa kuchajia simu, ili mwanafunzi asitembee hadi mjini kutuma namba moja. Kwa wanafunzi: jibuni kabla ya kutazama jibu la mwenzenu, na mkikosea msijifiche.

Nimalizie kwa walimu wenzangu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopo katika mji huu, kilianza mwaka 1972 kikiitwa WECO, nacho ni mmoja wa miche ya harambee. Wananchi wa Magharibi walichanga ili watoto wao wapate elimu ya ufundi, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Tunahitaji harambee nyingine, na safari hii mchango ni masomo. Kila mwalimu achukue somo moja tu analofundisha muhula huu. Alipunguze maneno kwa nusu. Aweke swali mwanzoni, kazi katikati, masahihisho mwishoni. Alifundishe, atazame lilivyokwenda, aliboreshe, kisha ampe mwalimu wa shule jirani. Walimu 100 wa kaunti hii wakifanya hivyo, kufikia mwisho wa mwaka tutakuwa na masomo 100 yaliyojaribiwa na simu zetu, stima yetu na mvua yetu. Anzeni Jumatatu.